Akina Baba, Tusisubiri Kuumwa: Mazungumzo Kuhusu Saratani ya Tezi Dume

(Mada hii ilitolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya akina baba iliyofanyika mjini Morogoro. Tumeichapa kwa ombi la washiriki.)



Kwanza nawashukuru kwa kufika. Najua wapo walioteremka alfajiri kutoka Kinole na Matombo, na wengine wamepanda gari la mboga kutoka Mgeta. Barua ya mwaliko ilisema tutazungumzia "afya ya mwanamume". Mzee mmoja aliniuliza pale mlangoni kama leo tutafundishwa habari za shinikizo la damu. Nikamjibu, "Mzee, ingia tu, utasikia." Sasa namwomba radhi. Jina la mada tulilificha kwa makusudi, kwa sababu tungeliandika wazi, nusu ya viti hivi vingekuwa vitupu. Na hilo ndilo tatizo lenyewe nililokuja kulizungumza.

Mada yetu ni saratani ya tezi dume na umuhimu wa kupima kila baada ya muda, hata kama huumwi. Mimi si daktari. Ni mratibu wa miradi, kazi yangu ni visima, miche ya miti na vikundi vya kuweka na kukopa. Nazungumza kama mtoto wa mtu aliyeugua, na kama mwanamume niliyepita miaka 45. Mganga tuliyemwalika atajibu maswali ya kitaalamu baada ya chai.

Tezi dume ni nini?

Tuanze na neno lenyewe. Huku mitaani tunasema "fulani ana tezi dume", kana kwamba ni ugonjwa. Ndugu zangu, kila mwanamume aliyemo humu ndani ana tezi dume. Ni kiungo, kama lilivyo ini au figo. Kwa kijana ina ukubwa kama wa ndimu ndogo. Ipo chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume.

Tezi hiyo inaweza kupata matatizo ya aina tatu. La kwanza ni maambukizi. La pili ni kukua kwa tezi kunakotokana na umri, na hii siyo saratani. Wanaume wengi wenye umri mkubwa hupata hali hiyo. Tezi inavimba, inabana mrija, na mzee anaamka mara nne usiku kwenda kukojoa. La tatu ndilo saratani.

Aidha, tusichanganye tezi dume na busha wala ngiri. Busha ni maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani, na katika ukanda wetu huu mara nyingi hutokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Ngiri ni utumbo kusukumwa nje ya mahali pake. Hayo yote unayaona kwa macho. Tezi dume imejificha ndani, huioni wala huigusi.

Habari za baba yangu

Baba yangu alikuwa mkulima wa ndizi kwenye kijiji kilichoko juu ya Kinole. Wanaoifahamu njia ile wanajua kwamba kila mkungu ulioliwa mjini ulibebwa kwanza kichwani au begani hadi barabarani. Alipofika miaka 66 alianza kulalamika mgongo. Nani angeshangaa? Mtu amebeba mizigo milimani miaka hamsini, mgongo ukimuuma tunasema ni mizigo. Mama alimchua kwa mafuta. Mimi nikiwa mjini nilimtumia vidonge vya maumivu kwa dereva wa gari. Kwenye kituo kimoja cha afya alipewa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo, akarudi, akapewa tena, akarudi, akapewa mara ya tatu. Hakuna aliyemuuliza swali la ziada, na yeye hakusema kwamba mkojo ulikuwa unatoka kwa shida kwa muda mrefu. Angemwambiaje yule muuguzi, binti wa umri wa mjukuu wake?

Miezi kumi ilipita hivyo. Kisha asubuhi moja miguu ikakataa. Vijana wa kijiji wakamteremsha kwa machela hadi barabarani, akiwa amefunikwa kanga ya mama kwa sababu ya mvua. Hospitali walipopima damu, kiwango kilikuwa kikubwa sana, zaidi ya mara mia ya kile kinachotiliwa shaka. Picha zikaonyesha kwamba saratani imeshaingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Madaktari walifanya waliloweza. Walimpa matibabu ya kupunguza homoni ya kiume, maumivu yakapungua, akaweza kuketi na kula na wajukuu. Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Miguu haikurudi.

Siku moja akiwa kitandani aliniambia kwamba yule daktari alimuuliza baba yake alikufa na nini. Akajibu, "Mgongo." Tulitazamana, na hakuna aliyesema neno.

Ndugu zangu, babu alikufa na mgongo. Baba alikufa na mgongo. Mimi nina mgongo. Ndiyo maana nimesimama hapa.

Ugonjwa usiopiga hodi

Nimeisimulia habari hiyo ili tuelewe jambo moja, na mkilisahau mengine yote, hili lishikeni: saratani ya tezi dume inapoanza haiumi. Sababu yake ni ya kimaumbile. Mara nyingi huanzia kwenye sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija wa mkojo. Kwa hiyo mkojo unaendelea kutoka vizuri, nguvu za mwili zipo, shamba unalima, mkungu unabeba. Inaweza kukaa hivyo kwa miaka mingi.

Dalili zikija huwa ni hizi: kukojoa mara kwa mara hasa usiku, mkojo kutoka kwa kusitasita au kwa nguvu kidogo, kuhisi kibofu hakijaisha, na damu kwenye mkojo au kwenye mbegu. Mwenye dalili hizo aende hospitali, ingawa mara nyingi itakuwa ni ule uvimbe wa kawaida wa uzee. Maumivu ya nyonga, ya mgongo au ya mapaja yasiyoisha, kukonda bila sababu, na miguu kufa ganzi, hizo ni dalili za mbali zaidi. Mwenye ganzi ya miguu asisubiri hata siku moja.

Tofauti ya kuwahi na kuchelewa ni kubwa. Marekani, ambako kumbukumbu zinatunzwa vizuri, waliogunduliwa saratani ikiwa bado ndani ya tezi, zaidi ya 99 kati ya kila 100 hawafi kwa ugonjwa huo ndani ya miaka mitano. Ikiwa imeshasambaa kwenda mbali, wanaovuka miaka hiyo mitano ni chini ya 40 kati ya 100. Ugonjwa ni uleule. Kinachotofautiana ni siku uliyogunduliwa.

Nani yuko hatarini zaidi?

Mambo matatu yanajulikana vizuri. La kwanza ni umri. Chini ya miaka 40 ni nadra sana. Baada ya 50 hatari inaongezeka kila mwaka.

La pili ni asili yetu. Watu wenye asili ya Afrika hupata saratani hii kwa wingi zaidi. Wamarekani weusi hufariki kwa ugonjwa huu kwa kiwango cha takribani mara mbili ya Wamarekani weupe. Hapa Tanzania imo mstari wa mbele kabisa kati ya saratani za wanaume. Tusidhani kwamba ni ugonjwa wa wazungu au wa matajiri wa mjini.

La tatu ni ukoo. Mwenye baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, hatari yake ni kama mara mbili ya mwingine. Hapa niseme na Waluguru wenzangu. Sisi ukoo tunauhesabu kwa mama. Shamba ni la upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Lakini ugonjwa huu hauheshimu desturi zetu, unapita pande zote mbili. Uliza baba na baba zako wadogo waliugua nini. Uliza wajomba pia. Na uliza kama upande wa mama kuna wanawake waliougua saratani ya matiti, maana kuna hitilafu za kurithi zinazoleta saratani ya matiti kwa dada na ya tezi dume kwa kaka. Jioni hii ukirudi nyumbani, fanya kazi hiyo moja. Waulize wazee kabla hawajaondoka na majibu yao.

Kipimo chenyewe

Sasa tufike pale mnapopaogopa. Najua utani wa kwenye vijiwe vya kahawa kuhusu kidole cha daktari. Nimeucheka na mimi.

Siku hizi kwa kawaida kinaanza kipimo cha damu, kinachoitwa PSA. Unatolewa damu mkononi kama ya malaria ya maabara, basi. Wanatafuta protini inayotengenezwa na tezi dume. Zamani walisema chini ya 4 ni salama. Leo madaktari wengi wanaangalia na umri, na wengine huanza kuuliza maswali kwenye 3. Kipo pia kipimo cha haraka kinachojibu ndiyo au hapana tu, kama kile cha malaria. Ukiweza, omba chenye namba, kwa sababu namba ya mwaka huu unailinganisha na ya mwaka ujao. Iandike kwenye daftari lako.

Kuna mambo ya kujiandaa. Siku mbili kabla ya kipimo, pumzika na tendo la ndoa. Kwa muda huohuo usiendeshe baiskeli safari ndefu, na hapa Morogoro najua nasema na nani. Kama una maambukizi ya mkojo, tibiwa kwanza, kisha pima wiki kadhaa baadaye. Hayo yote yanaweza kupandisha namba na kukutia hofu bure.

Kipimo cha kidole kinafanyika pale daktari anapoona kinafaa. Anavaa glavu, anapaka mafuta, anagusa tezi kupitia njia ya haja kubwa kuona kama ni ngumu au ina vinundu. Ni chini ya dakika moja. Wapo watu ambao damu yao ilikuwa nzuri na kidole kikagundua. Nani kati yetu hajamsindikiza mkewe kliniki? Akina mama wanapimwa njia ya uzazi kila ujauzito, wanapimwa saratani ya mlango wa kizazi, na hawasemi wamedhalilishwa. Wanarudi nyumbani wanapika.

Nitasema na ukweli mwingine, maana elimu isiyo kamili ni hatari. Kipimo cha PSA si kamilifu. Namba kubwa si lazima iwe saratani, inaweza kuwa ule uvimbe wa uzee. Namba ndogo si dhamana ya asilimia mia. Na wako watu wenye saratani inayokwenda polepole sana, ambayo isingewaua kamwe, na kuitibu kunaweza kuwaletea shida kuliko kuiacha. Utafiti mkubwa wa Ulaya ulioanza mwaka 1993, wenye wanaume zaidi ya 160,000, ulitoa matokeo ya miaka 23 mwaka 2025. Vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 13 miongoni mwa walioalikwa kupima. Kwa kila wanaume 456 walioalikwa, kifo kimoja kilizuiwa. Wengine wataona ni kidogo. Mimi namkumbuka yule mmoja.

Kwa sababu hiyo daktari mzuri hakimbilii kisu. Namba ikiwa kubwa anarudia kipimo, anaweza kuagiza picha ya MRI, kisha ndipo achukue vinyama vidogo kwa sindano kwenda maabara. Hivyo vinyama ndivyo vinavyosema kweli. Na saratani ikiwa ya polepole anaweza kushauri kukufuatilia kwa karibu bila kukutibu kwa sasa.

Hivyo basi, lini kupima? Kwa sisi Waafrika, anza mazungumzo na daktari ukifika miaka 45. Kama ndugu wa karibu zaidi ya mmoja waliugua, anza 40. Baada ya hapo rudi kila mwaka au kila miaka miwili, kufuatana na namba yako. Waliovuka 70 na hawana dalili, kwao si lazima, washauriane na daktari kwa kadiri ya afya zao.

Hofu ya matibabu

Wengi hawaogopi kipimo, wanaogopa jibu. Wanasema, "Wakinikuta nayo watanihasi." Tuzungumze waziwazi, hapa hakuna mtoto. Saratani iliyowahiwa hutibiwa kwa upasuaji wa kuondoa tezi au kwa tiba ya mionzi. Matibabu hayo yanaweza kupunguza nguvu za kiume, na baadhi ya watu hushindwa kuzuia mkojo kwa muda. Hayo ni kweli na daktari lazima akueleze mapema, na mkeo awepo. Lakini kuondolewa korodani, au sindano za kuzuia homoni, kwa kawaida hutumika pale ugonjwa umeshasambaa. Yaani kile tunachokiogopa zaidi kinatupata kwa kuchelewa. Baba yangu hakupimwa mapema kwa kulinda uanaume wake. Mwishowe alipoteza miguu, akapoteza korodani, na alikuwa anageuzwa kitandani na mama.

Neno jingine ni kuhusu dawa za asili. Mtasikia matangazo ya dawa zinazomaliza tezi dume kwa siku saba. Upo mti wa misitu ya milima ya Afrika, wataalamu wanauita Prunus africana, ambao magome yake yamekuwa yakisafirishwa kwenda Ulaya kutengeneza dawa ya kupunguza shida ya mkojo kwa wenye tezi iliyovimba. Kwa hiyo sidharau miti yetu. Lakini kupunguza shida ya mkojo si kutibu saratani. Hatari iko hapo: mkojo unatoka vizuri, mtu anashukuru, na ndani ugonjwa unaendelea na safari yake. Pima kwanza, ujue unatibu nini.

Aliyevunja ukimya

Wengi mnakumbuka Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na Mama Salma walipopima virusi vya UKIMWI hadharani Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Siku zile hata makanisani mwetu tulisema "ugonjwa huu wa siku hizi" na hatukulitaja jina. Baada ya hapo watu walipanga foleni kupima.

Rais huyohuyo, Novemba 2014, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Aliporejea mwishoni mwa mwezi ule aliwaambia wananchi wazi kwamba ilikuwa saratani, imegunduliwa katika hatua za mwanzo, akawahimiza wanaume wapime. Angeweza kusema alikwenda kupumzika. Mtu wa Msoga, Chalinze, jirani yetu hapa, alisema neno ambalo baba yangu hakuweza kulisema kwa muuguzi. Askofu Mkuu Desmond Tutu naye aligunduliwa mwaka 1997, hakuficha, akaishi na kuhubiri hadi alipofariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90.

Mtasema, wao ni wakubwa, wana ndege ya kwenda Marekani. Ni kweli. Lakini kipimo cha damu hakihitaji ndege. Waulizeni wahudumu wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa mjini utaratibu na gharama. Na anayehitaji mionzi, Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, na tangu Juni 2024 treni ya SGR inatufikisha Dar bila kulala njiani.

Kosa letu, na tunachoweza kufanya

Nisiwafiche. Miaka michache iliyopita mradi wetu uliandaa siku ya kupima kijijini. Tulikwenda na vipimo vya haraka, tukapiga picha, tukaandika ripoti nzuri kwa wafadhili. Mzee mmoja kipimo chake kilisema ndiyo. Tulimpa karatasi ya rufaa, tukapanda gari, tukaondoka. Nilipomtembelea miezi mitano baadaye, karatasi ilikuwa imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Hakuwa na nauli, hakumwambia mkewe, na kila usiku alilala na neno "saratani" ambalo hakuna aliyekuwa amelithibitisha. Tulimchukua, akachunguzwa, ikaonekana ni uvimbe wa kawaida. Miezi mitano ya mateso ya bure, na mwenye kosa ni mimi. Kumpima mtu bila kumfuatilia ni kumwachia mzigo njiani.

Kwa hiyo leo siombi tupange siku nyingine ya picha. Naomba kila usharika, na kila jumuiya ndogondogo, tukubaliane mambo manne.

1. Twende wawili wawili. Kila mwenye miaka 45 na kuendelea achague mwenzake, waende hospitali siku moja, na kila mmoja ajue namba ya mwenzake. Asiyekuwa na siri ya kubeba peke yake hachelewi.

2. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vitenge fungu dogo la nauli na vipimo vya wanachama. Tunachangia misiba kwa moyo mkunjufu. Tuchangie na kabla ya msiba.

3. Kila usharika uteue mzee mmoja wa kufuatilia waliopewa rufaa, kwa siri na kwa upendo, mpaka jibu lipatikane. Asitangaze jina la mtu hata kwenye maombi.

4. Tushirikiane na ndugu zetu Wakatoliki, ambao ndio wengi huko milimani, na Waislamu wa mjini na vijijini. Tezi haina dhehebu. Machela ya baba yangu ilibebwa na vijana wanne, na Mlutheri alikuwa mmoja tu.

Na ninyi vijana, kazi yenu ni kuwauliza baba zenu. Mzee hatakwambia. Ukiona anaamka sana usiku, ukiona anashika kiuno, mketi kando umuulize kwa heshima, kisha umsindikize. Mimi nilituma vidonge kwa dereva. Ningepanda mwenyewe lile gari.

Mwisho

Mnaikumbuka habari ya Naamani katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Jemadari mkubwa, mwenye farasi na fedha, lakini mgonjwa. Alipoambiwa aende akaoge Yordani alikasirika, kwa sababu agizo lilikuwa dogo mno kwa mtu mwenye heshima kama yake. Alitaka jambo kubwa. Waliomwokoa ni watu wadogo: msichana mtumwa aliyetoa taarifa, na watumishi waliomsihi asiondoke kwa hasira. Mara nyingi hivi ndivyo tulivyo wanaume. Tuko tayari kuuza ng'ombe na kukodi gari usiku wa manane baba akizidiwa. Lakini kutoa damu kidogo tukiwa wazima tunaona ni jambo dogo, au ni aibu.

Mimi nilikwenda kupima nikiwa na miaka 45. Nilikaa kwenye benchi nikijifanya nasoma gazeti. Namba ilikuwa ndogo, nikarudi baada ya mwaka, bado ndogo. Nitarudi tena mwezi ujao, na sitakwenda peke yangu. Yule mzee aliyeniuliza mlangoni habari za shinikizo la damu, kama atakubali, nitampitia nyumbani kwake saa moja asubuhi.

Mganga yuko tayari, karibuni chai, na maswali magumu msiyaache kwenye vikombe.